Skrini Imsubiri Nani?

Ndugu zangu, karibuni. Wacheza gemu huniuliza swali hili kila mara: Adaptive-Sync, ile teknolojia inayoifanya skrini ifuate mwendo wa kadi ya michoro, niiwashe au niizime? Nami huuliza kwanza: gemu yako inatoa fremu (picha moja moja) ngapi kwa sekunde, na skrini yako inafuata kuanzia Hz (mara za kuchora kwa sekunde) ngapi mpaka ngapi? Asiyejua hayo mawili anabahatisha tu.

Skrini ya Hz 60 huchora picha upya kila milisekunde 16.7, fremu mpya iwe imefika au haijafika. Kadi ya michoro haina mwendo wa namna hiyo. Ukiangalia ukuta mtupu, fremu hutoka upesi. Kukitokea mlipuko na moshi, huchelewa. Fremu ikiingia katikati ya uchoraji, sehemu ya juu ya kioo hubaki na picha ya zamani na ya chini hupata mpya. Geuza kamera kwa kasi mbele ya nguzo: utaiona imekatwa, vipande havikutani. V-Sync, mpangilio wa zamani wa kuoanisha kadi na skrini, huondoa mkato huo kwa kuilazimisha kadi isubiri. Tatizo ni kwamba fremu iliyochukua milisekunde 17 imekosa zamu, na mara nyingi kasi huporomoka kutoka 60 hadi 30. Hapo mkono unahisi uzito.

Adaptive-Sync, iliyotolewa mwaka 2014 na VESA, shirika la viwango vya skrini, iligeuza utaratibu: skrini ndiyo inayoisubiri kadi. Kati ya watengenezaji wa kadi, NVIDIA ilitangulia na G-Sync yake mwaka 2013, AMD ikaja na FreeSync, na tangu 2019 kadi za NVIDIA nazo zinakubali skrini za Adaptive-Sync. Kwa hiyo msinunue skrini kwa kuangalia nembo tu.

Angalieni masafa, yaani Hz za chini na za juu ambazo skrini inaweza kufuata. Tuseme ni Hz 48 hadi 144, na gemu inacheza kati ya fremu 60 na 110. Washa, hakuna mjadala. Ikishuka hadi 40, skrini kama hiyo inaweza kuonyesha kila fremu mara mbili, ikaenda kwa Hz 80, nawe usigundue. Lakini mwenye skrini ya 48 hadi 75 hana ujanja huo, maana 80 iko nje ya uwezo wake. Huyo namshauri apunguze ubora wa vivuli kabla ya kugusa kitu kingine, ili fremu zisishuke chini ya 48.

Upande wa juu, weka kikomo cha fremu 141 ili usivuke 144. Anayeshindana kwenye gemu za kulenga shabaha na kupata fremu 300? Azime tu. Mkato utakuwepo, ila taarifa mpya itamfikia mapema kidogo, na kwake hilo ndilo muhimu.

Kuna kero moja ambayo wauzaji hawaitaji: baadhi ya skrini zenye paneli za aina ya VA na OLED hupepesa mwanga sehemu zenye giza fremu zinapopanda na kushuka ghafla, hasa gemu inapopakia. Jaribu kushusha kikomo hadi kasi ambayo kadi inaimudu bila kuyumba. Ikiendelea, zima kwa gemu hiyo peke yake.

Na kabla ya kuilaumu kadi, fungua menyu ya skrini yenyewe, kwa vitufe vyake. Wengi wameiwasha Adaptive-Sync kwenye kompyuta, kumbe kwenye skrini bado imezimwa.