Kiti cha Ng'ambo ya Benchi

Mhadhara kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni, ndugu zangu wote. Asanteni kwa kunialika, na vijana asanteni mara mbili, maana najua Jumapili jioni mna pa kwenda.

Naanzia jikoni kwangu. Mwanangu alipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari hapa mjini, alikuwa kwenye timu ya mpira wa Kimarekani lakini hachezi. Kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa kijana mwingine, yeye ni wa akiba. Kazi aliyopewa ilikuwa kusimama pembeni mwa uwanja na kutoa ishara. Kila Alhamisi mimi nachambua mchele, yeye yuko mbele ya friji anafanya mazoezi: anagusa kofia, anapangusa kifua mara mbili, anakunja ngumi, anazungusha mikono kama anayekoroga uji. Nikadhani ni mchezo wa kucheza muziki. Akaniambia, "Mama, hizi ni amri za kocha. Tunasimama watatu. Mmoja anatoa za kweli, wawili tunatoa za uongo, na wenzetu uwanjani wanajua wa kweli ni nani." Nikamuuliza, na wewe kesho ni yupi? "Kesho mimi ni wa uongo."

Nikamuuliza tena: je, wapinzani wakiwatazama wakagundua? Akajibu bila kufikiri, "Wakigundua ni haki yao, Mama. Sisi tutabadilisha."

Naomba mlishike jibu hilo, kwa sababu jambo la Michigan, hasimu mkubwa wa Ohio State yetu ya hapa Columbus, kuiba ishara za wapinzani, ambalo mji huu umelizungumza kwa hasira tangu mwaka 2023, watu wengi wanalielewa vibaya. Wanadhani kosa lilikuwa kusoma ishara za mwenzako. Siyo.

Kwa wale ambao watoto wenu bado wanacheza soka tu, nieleze kidogo. Katika mpira huu kila mkupuo unapangwa. Mpira ukishasimama, timu ina sekunde 40 za kuanza tena, na ndani ya sekunde hizo kocha anataka kuwaambia vijana 11: tunarusha au tunakimbia nao, upande gani, nani amlinde nani. Ligi ya kulipwa iliruhusu redio ndani ya helmeti tangu mwaka 1994. Vyuo havikuwa na redio. Kwa hiyo, mbele ya watu laki moja, siri ya timu ilikuwa ikitolewa hadharani, kwa mikono na kwa mabango makubwa yenye picha. Nimewahi kukaa jukwaani nikaliona bango moja lenye picha nne, hazihusiani hata kidogo, na vijana uwanjani wakaligeukia wote kwa pamoja na kuelewa kila kitu. Ukijua maana ya picha zile, unajua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka. Mlinzi anayejua hilo hakimbii kwa kubahatisha, anakwenda kumsubiri mtu mahali pake. Mmeshaona vijana hawa wanavyogongana. Haya siyo mambo ya karatasi.

Sasa sheria. Kusoma ishara kwa macho yako mkiwa mnacheza, ruhusa. Kutazama marudio ya televisheni wiki nzima ukitafuta mkono wa kocha, ruhusa. Kinachokatazwa ni mambo mawili. La kwanza, kutumia vifaa vya umeme kurekodi ishara za mpinzani. La pili, na hili ndilo ninalotaka tukae nalo usiku huu, kutuma mtu aende mwenyewe kwenye uwanja wa watu kumtazama mpinzani utakayekutana naye baadaye msimu huohuo. Hilo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilikataza mwaka 1994.

Walikataza kwa nini? Sababu kubwa ilikuwa fedha. Vyuo vikubwa vingeweza kutuma watu kila Jumamosi, kwa ndege na hoteli, kukusanya habari za kila mpinzani. Vyuo vidogo havikuwa na uwezo huo. Wakakubaliana wote wakae nyumbani. Hiyo si sheria ya kupiga vita ujanja. Ni ahadi ya mwenye nacho kwa asiye nacho, kwamba kwa jambo hili moja mfuko wangu sitaufungua. Mimi naiona ni sheria nzuri kuliko nyingi zilizomo katika kitabu chao, na kila ninaposikia mtu akisema "kila mtu anafanya" nauliza: kila mtu yupi? Chuo kisicho na nauli ya timu yake kilikuwa kikituma nani?

Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba Chuo Kikuu cha Michigan kinachunguzwa. Chuo ambacho uwanja wake kule Ann Arbor unachukua watu zaidi ya 107,000. Jina lililotajwa lilikuwa la mfanyakazi wa ngazi ya chini, Connor Stalions, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, kitengo cha Marine. Alikuwa bingwa wa kufumbua ishara, na kwenye mechi mlikuwa mnamwona pembeni kabisa mwa makocha wa ulinzi. Kwa jina lake mwenyewe alikuwa amenunua tiketi za mechi zaidi ya 30 kwenye viwanja vya timu za Big Ten, ligi ya vyuo wanamocheza Michigan na Ohio State. Mshahara wake wa mwaka 2022 ulikuwa dola 55,000. Tiketi za mechi hizi mnazijua bei yake.

Tazameni tiketi zenyewe. Hazikuwa za nyuma ya lango, anakokaa mtu anayetaka kuona mabao kwa bei nafuu. Zilikuwa katikati ya uwanja, karibu na mstari wa yadi 45, mahali ambapo ukinyanyua macho unaona benchi la ng'ambo lote, makocha na watoa ishara. Alizituma kwa simu kwa marafiki na watu aliofahamiana nao. Kamera za ulinzi za uwanja mmoja zilimnasa mtu aliyekaa kwenye kiti kimojawapo. Uwanja mzima unautazama mpira. Yeye ameinua simu, ameielekeza benchini, na ameishika hivyohivyo mechi nzima. Mimi picha hiyo huwa hainitoki. Mtu amelipa, ameketi mahali pa raha kabisa, na mchezo hautazami.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema sana, aliniambia: mbona hata huko kwenye soka wanapelelezana? Ni kweli. Januari 2019 Marcelo Bielsa, kocha wa Leeds United wakati huo, alimtuma mtu kuchungulia mazoezi ya Derby County, klabu ikapigwa faini ya pauni 200,000. Mwaka 2024 timu ya wanawake ya Canada ilirusha droni juu ya mazoezi ya New Zealand kwenye Olimpiki ya Ufaransa, ikanyang'anywa pointi 6. Lakini angalieni tofauti. Bielsa alijitokeza mbele ya waandishi akasema ni mimi, akaeleza kila alichofanya. Canada walinyang'anywa pointi michuano ikiwa bado inaendelea, watu wakaona. Michigan haikupata la kwanza wala la pili.

Uchunguzi uliendelea karibu miaka miwili. Uamuzi ukatoka Agosti 2025, na humo tukasoma kwamba katika misimu mitatu, 2021 hadi 2023, watu walitumwa zaidi ya mara 50. Tukasoma kwamba Stalions aliitupa simu yake bwawani. Tukasoma kwamba Sherrone Moore, aliyekuwa kocha msaidizi wakati huo na baadaye akawa kocha mkuu, alifuta mfululizo wa ujumbe 52 aliokuwa akiandikiana naye, na ujumbe ule ukaja kupatikana. Na tulishaona picha za Septemba 1, 2023, mechi ya usiku, za Stalions amesimama kwenye benchi la Central Michigan, amevaa sare ya makocha wao na miwani ya jua. Usiku. Central Michigan walikuwa wakicheza na Michigan State, chuo kingine tena, ambao Michigan walitarajia kukutana nao wiki chache mbele. Jambo hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Central Michigan ni chuo kidogo. Sheria ya 1994 iliwekwa kwa ajili ya vyuo kama hicho, na tajiri akaja akavaa nguo zake.

Jim Harbaugh, kocha mkuu, alisema tangu siku ya kwanza kwamba hakujua lolote. Ni haki niliseme hilo mbele yenu, na ni haki pia niseme kwamba adhabu aliyopewa na NCAA ilihusu wajibu wake kama kiongozi na kutoshirikiana na uchunguzi. Kule kwetu baba wa nyumba hawezi kusema hakujua kilichopikwa miaka mitatu jikoni kwake, naye anakila.

Najua mnachotaka kuniuliza, ninyi vijana mliokaa nyuma. Je, walishinda kwa sababu ya wizi? Nitawapa mambo yote, hata yasiyotupendeza sisi wa Ohio. Stalions alisimamishwa Oktoba 20, akajiuzulu Novemba 3. Novemba 10, ligi ya Big Ten ikamfungia Harbaugh mechi tatu, na taarifa ikawakuta timu safarini kwenda kucheza na Penn State. Siku iliyofuata Moore akasimama badala yake, na Michigan wakakimbia na mpira mara 32 mfululizo, bila kurusha. Kila mtu uwanjani alijua wanachofanya, hapakuwa na siri ya kuficha wala ya kuiba, na wakashinda 24 kwa 15. Moore alilia mbele ya kamera. Kisha wakaifunga Ohio State 30 kwa 24, wakaishinda Alabama, na Januari 8, 2024, mjini Houston, wakaifunga Washington 34 kwa 13 wakawa mabingwa wa taifa. Hawakupoteza hata mechi moja. Na Novemba 2024, redio zimeshaingia kwenye helmeti za vyuo, ishara hazina kazi tena kama zamani, walikuja hapahapa Columbus wakatufunga 13 kwa 10.

Kwa hiyo walikuwa timu nzuri. Nakiri. Na ndiyo maana nawaonea huruma wale vijana wao kuliko ninavyowakasirikia. Mtu mzima mmoja, na waliomwacha aendelee, wamewapokonya kitu ambacho hakirudishwi na mahakama yoyote: kusema "tulishinda" bila mtu kuwauliza swali la pili.

Na wale wa upande wa pili je? Hao hawatajwi kabisa. Kijana aliyecheza mwaka 2021 au 2022, akagongwa na mlinzi aliyekuwa anamsubiri, akarudi bwenini akidhani hana uwezo. Huenda ni kweli hakuwa na uwezo. Lakini alistahili kulijua hilo kwa haki. TCU, chuo cha Texas, walibahatika. Inasemekana walionywa kabla ya mechi yao na Michigan ya Desemba 31, 2022, wakabadilisha ishara, wakaziacha za zamani ziendelee kutolewa kama chambo, na wakashinda 51 kwa 45. Wengine hawakuwa na wa kuwaonya.

Sasa adhabu. Stalions amewekewa vikwazo vya kuajiriwa na vyuo kwa miaka minane. Harbaugh, miaka kumi, itakayoanza 2028 baada ya adhabu nyingine kwisha, na mwenyewe alishahamia ligi ya kulipwa, Los Angeles Chargers, ambako NCAA haina mkono. Moore, miaka miwili na kufungiwa mechi chache. Chuo kimepigwa faini inayokadiriwa kupita dola milioni 20. Kamati ilisema wazi kwamba kosa lilistahili kufungiwa michuano ya mwisho wa msimu, ikaogopa kuwaadhibu vijana ambao hawakuwepo. Hoja hiyo naiheshimu, ni ya watu wenye huruma. Lakini kosa lenyewe lilikuwa la kutumia fedha mahali palipokatazwa fedha, halafu adhabu ikawa fedha. Kwa chuo kama kile, faini ni bei. Mimi ningependa mamilioni yale yangekwenda kwenye vyuo vidogo vilivyokuwa vikikaa nyumbani kwa uaminifu tangu 1994.

Redio zimekuja, kwotabeki anasikia sauti ya kocha mpaka zibaki sekunde 15, kisha inakatika. Ni jambo jema. Uwanja wa sekondari nilioujua mimi haukuwa na redio.

Basi niwarudishe huko. Ijumaa ile ya uongo, mwanangu alitoa ishara zake robo mbili nzima, na timu ya mji jirani ikawasoma. Nilikuwa nimekaa karibu na wavu nikasikia kwa masikio yangu mlinzi wao mmoja, kijana mnene mwenye namba kifuani iliyofifia, akiwapigia wenzake kelele "kushoto! kushoto!" kabla mpira haujaguswa. Na kweli ukaenda kushoto. Wakati wa mapumziko kocha akawabadilisha, na nusu ya pili mwanangu akawa wa kweli. Mikono ilimtetemeka, niliiona kutoka pale nilipokaa. Walifungwa vilevile, lakini kwa tofauti ndogo.

Mechi ilipokwisha wakapanga mistari kupeana mikono. Yule kijana mnene alipofika kwa mwanangu akasimama, akagusa kofia ambayo hakuwa ameivaa, akapangusa kifua mara mbili. Mwanangu akabaki ameduwaa, kisha wote wawili wakaanza kucheka, na yule kijana akawa anamweleza kwa vidole, moja baada ya nyingine, jinsi alivyozigundua.