Gavana Kasema Nini, na Choo cha Soko Kiko Wapi?

Hamjambo nyote, na wazee wangu shikamooni. Mliponialika mlisema nizungumze kuhusu siasa za kaunti kama mkazi wa kawaida, si kama mtaalamu, na hapo mkanitua mzigo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kazi yangu siku hizi ni kusoma karatasi ambazo watu wengine huzifungia njugu.

Nianze na mazishi, maana siasa zetu nazo huanzia huko. Jumamosi moja mwaka jana palikuwa na mazishi wadi ya jirani. Gavana alifika, naibu wake akafika, na kila mmoja kaja na washangiliaji wake. Kabla jeneza halijateremshwa, kipaza sauti kilikuwa kimenyang'anywa mara mbili, na mchungaji amekaa chini kakumbatia Biblia yake. Video ile niliipata jioni hiyo hiyo kutoka makundi manne ya WhatsApp. Jumatatu redio ikaishughulikia asubuhi nzima. Wiki hiyo hiyo bunge la kaunti lilipitisha bajeti ya nyongeza iliyotoa pesa kwenye maji na kuzipeleka kwenye safari na posho. Hiyo sikuisikia popote. Niliikuta miezi mitatu baadaye katika jedwali lenye herufi ndogo kama chawa.

Katiba tuliizindua tarehe 27 Agosti 2010, na magavana wa kwanza tukawachagua Machi 2013. Mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 190 kutoka mapato ya taifa. Mwaka wa 2025/26 mgao ulifika bilioni 415. Pesa zimekua hivyo, lakini watu wa kuzifuatilia hawakukua nazo. Vyumba vya habari Nairobi vimekuwa vikipunguza watu, na wa kwanza kuguswa ni yule aliye mbali na Nairobi.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni mwandishi wa habari huku kwetu. Hana mshahara, hulipwa kwa kila habari inayotumika. Nauli ni yake, simu ni yake. Sasa mwekee mbele mambo mawili: gavana na naibu wake wakirushiana maneno, habari ya dakika ishirini, au ripoti ya kurasa mia tatu itakayomla siku nne na labda isitumike kabisa. Wewe ungechagua ipi? Mimi simlaumu. Tena kuna wale vijana wa ofisi ya mawasiliano ya gavana, wenye kamera nzuri kuliko zake, wanaomletea habari imeshaandikwa na picha imeshapigwa: mheshimiwa akata utepe, mheshimiwa apanda mti. Na redio inayoishi kwa matangazo ya kaunti itaiuliza kaunti maswali kwa sauti ya chini. Hilo halihitaji njama. Tumbo linatosha.

Ndiyo sababu habari ya kaunti ikitufikia, mara nyingi ni habari ya kung'oana. Tangu Martin Wambora wa Embu awe gavana wa kwanza kutimuliwa, mwaka 2014, tumekuwa mabingwa wa somo hilo. Meru, wawakilishi wadi, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, walipiga kura ya kumwondoa gavana Kawira Mwangaza mara tatu, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara mbili Seneti ikamnusuru, ya tatu ikamwangusha, na kesi ikaendelea mahakamani hadi Machi 2025. Kericho, Oktoba 2024, gavana aliponea kwenye hesabu. Waliotaka aondoke walikuwa 31 kati ya 47. Sheria inataka angalau theluthi mbili, na theluthi mbili ya 47 ni 31 na kitu. Kile kitu kidogo, theluthi moja ya mtu, ndicho kilichomrudisha ofisini, kwa kuwa mheshimiwa hapimwi kwa vipande. Mimi kama mwalimu wa hesabu nilifurahi sana siku ile. Ni mara chache sehemu huamua jambo la maana Kenya hii.

Hizo ni habari halali, sikatai. Lakini jiulizeni mkazi wa Meru, katika miaka ile miwili na zaidi, ni mara ngapi alisikia dawa za zahanati zimenunuliwa kwa pesa ngapi.

Kuna jambo linalotangulia hata hilo. Hatujui nani wa kumuuliza. Nyosheni mikono, mnaoamini kwamba mwakilishi wadi, huyu MCA wetu, ndiye anayejenga madarasa ya shule ya msingi. Naona mikono mingi. Teremsheni. Mkono wangu ungekuwemo miaka kumi iliyopita, na mimi nilikuwa nafundisha ndani ya madarasa hayo hayo. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti imepewa zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, machinjio, zimamoto, leseni za pombe, taka, na barabara za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Madarasa mengi mapya mnayoyaona yana maandishi ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge, yaani ya mbunge. MCA anayewaahidi darasa anawauzia ng'ombe wa jirani.

Barabara ndizo zenye mchezo zaidi. Ile yenye shimo pale njia panda, mmoja wenu alinilalamikia nikiwa mlangoni, inaweza kuwa ya mamlaka ya barabara kuu, ya mamlaka ya vijijini, ya mamlaka ya mijini, au ya kaunti. Ofisi nne, shimo moja. Kila ofisi ikiulizwa itakuonyesha mlango wa mwenzake, na hadi umalize kuzizunguka mvua imenyesha na shimo limekuwa bwawa.

Sasa niwapeleke sokoni.

Mnalijua soko letu. Kina mama pale hulipa ushuru kila siku ya Mungu, mvua isimame au inyeshe, na choo hakuna. Wakibanwa huomba kwa wenye maduka, na mwenye duka naye ana siku zake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi na mmoja wao nikimsubiri apime maharagwe, akaniuliza, "Mwalimu, wewe unayesoma, hicho choo kiko kwenye vitabu vyao au hakimo?" Nikaona aibu kusema sijui.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeipa kaunti ratiba. Mpango wa mwaka unafika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya sera ya fedha, mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili, na yapitishwe kabla Juni haijaisha. Baadaye Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi, na Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukagua hesabu. Kitu chochote kinachojengwa kwa pesa za kaunti kinatakiwa kipite katika karatasi hizo kama abiria anavyopita vituo. Ukilijua jina lake, unaweza kukifuata.

Nikakifuata choo. Nilikikuta kwenye mpango wa mwaka mmoja: "Ujenzi wa choo cha soko." Nikakikuta kwenye bajeti iliyofuata, na pesa zake. Mwaka uliofuata kikaandikwa "unaendelea." Nikaenda sokoni kuangalia kinachoendelea, palikuwa na mbuzi wawili. Mwaka wa baadaye jina likabadilika, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kikawa "Ukarabati wa choo cha soko." Choo ambacho hakijawahi kujengwa kilikuwa kimeshachakaa.

Nilicheka, kisha nikaandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Sikulazimika kueleza nazitakia nini. Sheria yenyewe haidai sababu. Nilipeleka barua kwa mkono, nikasimama hadi nakala yangu ikapigwa muhuri. Karani alinitazama kama mtu aliyeleta nyoka. Siku 21 zikapita kimya. Nikaandika ya pili, mistari minne tu, nikitaja kwamba ya tatu itakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko ya walionyimwa habari. Jibu lilikuja baada ya wiki moja: kiwanja kina mgogoro, mkandarasi hajalipwa, mradi umesongezwa mbele. Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo iliyokuwa kwenye ripoti. Leo pale pana shimo na mabati yamezungushwa. Kina mama bado wanaomba madukani. Siwezi kuwadanganya kwamba barua imejenga choo. Ila neno "ukarabati" liliondoka kwenye kitabu cha mwaka uliofuata, na mtu fulani sasa anajua kuna anayesoma.

Mtasema, lakini tulishaitwa kutoa maoni. Ndiyo, Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti likae hadharani na lishirikishe umma. Mnajua inavyokuwa. Tangazo hubandikwa Jumanne, mkutano ni Alhamisi, ukumbini makao makuu, nauli ya kwenda na kurudi ni mauzo ya siku nzima. Wanaokuja ni wale wale, wanatia sahihi, wanapewa soda. Kitabu cha bajeti kinaonyeshwa kutoka mbali kama mwezi mwandamo. Halafu ripoti inaandika kwamba wananchi waliunga mkono.

Hata hivyo msiudharau mkutano huo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ushuru wa kaunti ilianguka kwa hilo. Kwa hiyo ukienda, usitosheke na kusimama na kuongea; maneno huyeyuka. Andika ukurasa mmoja, wape, pigiwa muhuri, baki na nakala.

Na kuna Mswada wa Fedha. Juni 2024 vijana wetu walijaa barabarani kuupinga ule wa kitaifa, na wengine hawakurudi nyumbani. Lakini kila kaunti nayo ina Sheria yake ya Fedha. Ndiyo inayopanga ushuru wa meza yako sokoni, leseni ya kinyozi, ada ya kuegesha bodaboda, ada ya kulaza mgonjwa. Mswada huo unatakiwa ushughulikiwe bungeni ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa, wakati ambao sote tumechoka na siasa. Nilikwenda kuusikiliza mjadala wake mwaka mmoja. Kwenye viti vya umma tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa amejikinga jua. Nilipotoka nje, mwenye kibanda cha chai ng'ambo ya lango aliniuliza gavana na naibu wake wamepatana au bado. Ada yake ilikuwa imetoka kupandishwa nyuma ya ukuta ule, hatua hamsini kutoka kwenye birika lake.

Nilimwambia. Alizima jiko akaja nami hadi kwa karani kuomba nakala. Akaambiwa zimekwisha.

Sijui kama nimewachosha. Hapa mezani nimeleta kurasa za wadi yetu peke yake, kutoka mpango wa mwaka huu. Ni kurasa sita, nimezitoa nakala ishirini kwa pesa zangu, kwa hiyo msizifungie njugu. Nimeipigia mstari ile zahanati ya mtoni, maana imeandikwa imekamilika, na mmoja wenu anaishi mkabala nayo. Kuna pia kisima kilichotajwa mara mbili kwa majina mawili, na mimi nakijua kimoja tu. Kama cha pili kipo, nitafurahi kuonyeshwa.

Maswali sasa. Huyo mama wa nyuma amenyosha mkono tangu nilipotaja choo. Karibu, mama, simama tukusikie.