Usiishie Nambari ya Kwanza

Wazee wangu, mama zangu, hamjambo. Najua waliotoka Ahero wameondoka giza halijaisha, kwa hiyo sitazunguka.

Tunazungumzia saratani ya tezi dume iliyokwisha kutoka nje ya tezi na kuingia mifupani. Swali ninaloulizwa kila kliniki ni lile lile: "Daktari, baba amebakiwa na muda gani?"

Juzi kijana mmoja alinifungulia daftari la shule. Ameandika PSA ya babake, kile kipimo cha damu tunachofuatilia saratani hii nacho, 612, akaizungushia kalamu nyekundu hadi karatasi ikatoboka. Nikamwuliza, ya pili iko wapi? Hakuna. Baada ya sindano ya kukata homoni maumivu ya mgongo yaliisha, mzee akarudi shambani, wakaona haina haja.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Saratani hii hula homoni ya kiume. Charles Huggins alionyesha hivyo mwaka 1941, na mpaka leo tunaanza kwa kuikatia homoni hiyo, kwa sindano au kwa kutoa korodani. Sasa, kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2006. Walifuata wanaume zaidi ya 1,300 ambao saratani yao imesambaa, wakaangalia PSA baada ya miezi saba ya tiba. Walioshuka hadi 0.2 au chini, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 75. Wa kati ya hapo na 4, miezi 44. Waliobaki juu ya 4, miezi 13 tu. Sindano ile ile! Ndiyo maana mzee aliyeanza na 612 akashuka hadi 0.1 ananipa matumaini kuliko aliyeanza na 60 akakwama kwenye 9.

Yapo mengine ya kuangalia. Saratani ikifika kwenye ini ni mbaya kuliko ikiwa mifupani peke yake. Damu ikipungua, si dalili nzuri. Alama ya Gleason, ya ukali wa saratani, kwenye ripoti ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye tezi kupimwa, kuanzia 8 kwenda 10, ni saratani kali. Lakini mimi, kabla sijafungua faili, humtazama mzee anavyoingia mlangoni. Anatembea, au ameshikwa kwapa huku na huku? Mnacheka, lakini kipimo hicho kisicholipiwa kimo hata kwenye hesabu za mabingwa.

Na miguu ikikosa nguvu ghafla, msingoje siku ya kliniki. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama mwenye leso ya kijani anauliza kama PSA ikipanda tena ndiyo basi. Hapana, mama. Saratani imejifunza kuishi bila chakula kile, na zipo dawa nyingine, kama abirateroni na dosetakseli. Ila nitataka kujua tiba ya kwanza ilishika kwa muda gani: miezi sita au miaka mitatu? Ikishika muda mrefu, kwa kawaida safari ya mbele nayo huwa ndefu. Kwa hiyo daftari hilo njoo nalo, na tarehe zote ziwemo.