Limeandikwa Android, basi umeshanunua?

Haya jamani, wanaonijua wanajua naanzia wapi, lile neno Android kwenye katoni za maboksi ya tivi, haya ya kuangalizia intaneti. Nimelisema mpaka nimechoka, Android na Android TV ni vitu viwili! Ya kwanza Google kaiachia wazi, kiwanda chochote kinaichukua bure kinaipachika kwenye boksi bila kumuomba mtu. Ya pili, ile iliyoanza 2014, siku hizi inakuja na sura ya Google TV, hiyo boksi lazima likaguliwe ndo lipewe Play Store kihalali. Sasa wewe unafika Kariakoo, katoni imeandikwa 8K, yaani picha kali kupita zote, bei chee, unashangilia.

Chukueni T95. Kaboksi kadogo, chipu ya Allwinner, na msiseme ni vitu vya vichochoroni, lilikuwa linauzwa Amazon. Januari 2023 jamaa wa Canada, Daniel Milisic, alianika alichokikuta: kanunua la kwake, kaweka Pi-hole, ile programu ya kuzuia matangazo, akiangalia rekodi anakuta boksi linawasiliana lenyewe na seva za wahalifu. Lenyewe! Hajapakua kitu cha ajabu. Kuchimba zaidi anakuta kirusi kimo ndani ya mfumo uliotoka nao kiwandani, yaani uki-reset kinarudi palepale, na mlango wa ADB, ule mafundi wanaingilia, umeachwa wazi. Boksi jipya hilo, nailoni ndo kwanza imetoka.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, mimi benki sina hela, wataniibia nini? Kaka, hawataki hela yako, wanataka laini yako ya intaneti! Wanaikodisha, mtu usiyemjua anapitia kwako kufungua akaunti feki na kubofya matangazo, kesi ikija anwani inayoonekana ni ya nyumbani kwako, na bando unalipa wewe. Mnadhani natia chumvi? Juni 2025 FBI wenyewe walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu wa vifaa vilivyoambukizwa namna hii, mwezi uliofuata Google akaenda mahakamani New York, anasema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeingiliwa.

"Mbona langu lina Play Store?" Hilo swali halikosekani. Mara nyingi ni ya simu, imepakiwa tu humo, ndo maana rimoti inakusumbua unatafuta mausi. Ingia settings za hiyo Play Store, nenda About, soma pale kwenye Play Protect, ulinzi wa Google, kama kifaa kimethibitishwa. Dakika moja tu.

Naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Widevine, kufuli la Google la kulinda video: boksi likiwa daraja la chini, L3, Netflix unaishia 480p, picha hafifu, hata tivi iwe ukuta mzima, hiyo 8K ya kwenye katoni ni stika. Masasisho ya usalama sahau. Roku na Apple TV nilitaka kuzigusia, haiwezekani.

Mlioleta maboksi yenu njooni mbele, tuanze na wewe dada, ligeuze chini unisomee modeli.