Jumamosi Christchurch: mji ulioanguka na watu wake wanaocheza

Mbukwenyi wana Dodoma! Wakubwa wote shikamooni, na nyie wa Kondoa, Manyoni, Mpwapwa na Singida mliojiunga juzi juzi karibuni sana. Huku ni saa 11 jioni, Februari, jua bado kali kabisa, huko najua ndo kwanza saa 1 asubuhi watu mnatafuta chai na chapati. Kwa mgeni wa hapa, mimi ni dada yenu wa Chang'ombe, naishi Christchurch, New Zealand, nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee, leo sina zamu nikasema niwatembeze mjini, af njiani nimjibu shangazi yangu.

Shangazi yuko Kondoa. Wiki hii nilimtumia kivideo nilichorekodi hapa hapa nilipo, watoto wanarukaruka kwenye maji, watu wanachoma nyama, spika inapiga muziki, akanipigia sauti imebadilika kabisa, "Mwanangu, si ulisema mji huo tetemeko liliua watu wengi? Sasa mnachezaje hapo?" Na mimi naona ni swali la mtu mwenye utu wake, kwetu msiba una heshima, huwezi kuanza kupiga ngoma watu wako matanga. Kwahiyo shangazi nisikilize mpaka mwisho tafadhali.

Ngoja nigeuze kamera. Haya, hapa panaitwa Margaret Mahy Family Playground, jina ni la mwandishi wa vitabu vya watoto wa huku huku. Paki ya watoto, bure, hakuna geti wala mtu wa tiketi. Mnaona ule mnara wa kamba, ona yule mtoto wa fulana nyekundu keshafika juu kabisa mama yake wala hana habari, na pale kuna sehemu ya kutelezea pana ambayo familia nzima wanashuka pamoja wameshikana mikono. Af hizi meza za chuma hapa ni majiko ya umeme ya kuchomea nyama, unabonyeza kitufe yanawaka, ukimaliza unafuta mafuta unamwachia mwenzako. Mimi nimekuja na mishikaki yangu nimeiloweka tangu jana na tangawizi na ndimu, wazungu wa meza ya jirani wananusa tu.

Sasa hapa palikuwa na nini. Hapa palikuwa mjini tu, majengo. Tetemeko la kwanza lilikuja Septemba 4, 2010, alfajiri watu wamelala, kubwa, 7.1, likaharibu sana lakini watu wakashukuru Mungu wamepona. Af likaja la Februari 22, 2011, saa 7 kasoro dakika 9 mchana, watu wako maofisini, wengine wametoka kula. Kwa vipimo lilikuwa dogo kuliko la kwanza, 6.3, ila lilikuwa karibu mno na mji na halikuwa chini sana ardhini, kama kilomita 5 tu, ndo maana lilipiga vile. Watu 185 walifariki. 115 kati yao walikuwa kwenye jengo moja tu, jengo la CTV, na ndani mle kulikuwa na shule ya lugha, wengi walikuwa wanafunzi wa kigeni, Wajapani, Wachina, Wafilipino, watoto wa watu waliotoka kwao kutafuta maisha. Hilo mimi huwa linanikaa sana maana na mimi nilikuja huku hivyo hivyo, mama yangu kaniaga na begi moja.

Kuna mama ninafanya naye kazi, alikuwepo. Anasema alitembea kwa miguu kutoka katikati ya mji mpaka kwake upande wa mashariki, barabara zimepasuka, magari yamejaa hayaendi, akafika akakuta tope limejaa mpaka sebuleni. Maana ardhi ya mashariki huku ina mchanga na maji chini, ikitikiswa inakuwa uji kabisa, inabubujika inatoka juu, na nyumba inazama upande. Waliokuja kumtolea lile tope walikuwa vijana wa chuo, maelfu yao walijipanga kupitia Facebook, kila mtu na koleo lake na toroli, nyumba hadi nyumba. Hawajui mwenye nyumba ni nani. Anavyosimulia hiyo sehemu macho yanamlenga mpaka leo.

Katikati ya mji wakapazungushia uzio, wanajeshi wanalinda, mpaka Juni 2013 ndo uzio wa mwisho ukaondolewa. Majengo zaidi ya 1,000 ya mjini yalibomolewa. Hebu fikiria hapo Dodoma, kuanzia soko la Majengo mpaka Nyerere Square mpaka stesheni, kila ukigeuka ni kiwanja kitupu na kifusi, na mji hauna sababu ya wewe kwenda. Hakuna duka, hakuna sinema, hakuna pa kukutana na mwenzako. Watu wakawa wanajifungia nyumbani kila mtu na hofu yake, na mitetemo midogo inaendelea, maelfu.

Ndo hapo shangazi. Hapo ndo nataka unielewe. Kuna watu wakaona hivi viwanja vitupu vitawaua watu polepole kwa upweke. Kikundi kinaitwa Gap Filler wakawa wanaweka vitu vidogo vidogo kwenye viwanja, na mwaka 2012 wakaweka sakafu ya kuchezea muziki hadharani. Wakachukua mashine ya kufulia ya zamani, zile za kutumbukiza sarafu, wakaiunga na spika na taa. Unatumbukiza dola 2, unachomeka simu yako, muziki wako unapiga kwa nusu saa mnacheza mpaka mchoke. Pembeni kifusi. Mpaka Charles wa Uingereza, sasa ni mfalme, alipokuja 2012 alicheza pale. Na maduka nayo hayakusubiri maghorofa, Oktoba 2011 wakafungua mtaa wa maduka ndani ya makontena, yale yale ya kubebea mizigo melini, yamepakwa rangi yamepangwa vizuri, watu wanakunywa kahawa, ukadumu mpaka Januari 2018. Kwahiyo starehe ya huku iliingia mji ukiwa bado umevunjika, wakati pesa ya kujenga haijajulikana itatoka wapi, na waliokuwa wanacheza ndo hao hao waliokuwa wamefiwa.

Hata paki hii, iliyofunguliwa Desemba 2015, watoto wa shule za msingi waliombwa wachore na waandike wanataka iweje, maelfu wakatuma. Na jiji lilipouliza wananchi mwaka 2011 wanataka mji gani, yalikuja mawazo zaidi ya 100,000. Watu waliomba miti, mto, sehemu za kukaa, baiskeli.

Na msiba haujasahauliwa, nisieleweke vibaya. Huu mto mnaouona nyuma yangu ni Avon, ukiufuata kwa juu kwa mguu unafika kwenye ukuta wa marumaru mweupe wenye majina ya wote 185, na uko ng'ambo ya mahali watu wanapokaa kwenye majani wakala chakula chao cha mchana. Kila Februari 22 watu wanashuka mtoni sehemu mbalimbali, saa ile ile wananyamaza, af wanatupa maua majini. Na ukitembea siku hiyo utaona zile koni za rangi ya chungwa za mafundi wa barabara, kila moja imechomekwa maua juu kwenye tundu. Mwingine waridi, mwingine kakata tu ua la bustanini kwake. Mimi nilichomeka langu karibu na kituo cha basi ninapopandia.

Haya twende, nimesogea mashariki sasa, samahani upepo. Huku panaitwa red zone. Serikali ilinunua nyumba za watu, kama 8,000, ikabomoa karibu zote kwa sababu ardhi haifai tena kujengwa. Angalieni chini hapa. Ukingo wa barabara umeshushwa, si ndio, hapa ndo gari lilikuwa linaingilia. Geti hakuna. Nyumba hakuna. Ila mti wa plamu upo, ule pale, na ule ni mtini, na ukienda mbele kuna hata maua ya bustani ya mtu yanachipua yenyewe. Watu wanakuja na vikapu wanachuma, wanaendesha baiskeli, wanatembeza mbwa, yule babu kila nikija namkuta. Nachuma hizi chache... ni tamu jamani, tamu kuliko za dukani.

Sio kwamba kila kitu kilienda vizuri. Watu walipigana na makampuni ya bima miaka na miaka, wengine wamezeeka wakidai. Kanisa kuu la Anglikana la katikati ya mji, ukarabati ulisimama 2024 pesa hazikutosha, waumini wanasali kwenye kanisa la muda lililotumia mabomba makubwa ya karatasi ngumu, alilibuni Mjapani Shigeru Ban, lipo tangu 2013 na ni zuri, nitawaingiza siku moja.

Kilichonifanya nirekodi leo lakini ni nyumbani. Sisi wa kati tuko kwenye Bonde la Ufa, tetemeko tunalijua, nani hajawahi kusikia vyombo vinagongana kabatini usiku. Na Desemba 2023 tuliona Katesh, tope limeshuka toka Mlima Hanang, watu zaidi ya 80 wamekwenda. Mahema, unga, mablanketi vilifika, na nyumba zikajengwa, na ni lazima vije kwanza. Ila mtoto aliyeona tope likibeba nyumba ya jirani anahitaji pia uwanja, mpira, bembea, mahali pa kupiga kelele na wenzake mchana kutwa. Nalisema kwa moyo wangu wote, hicho ni chakula. Na Dodoma yetu tangu tuwe jiji 2018 inajengwa kwa kasi, hongereni, basi viwanja vya wazi vilivyobaki mtaani kwenu msikubali viuzwe kimyakimya, nendeni kwenye mkutano wa mtaa mkaulize. Nyerere Square jioni na Chinangali Park zinatosha watu wote hawa kweli?

Nyie wa Katesh na Hanang, naomba mniandikie au mnitumie kivideo, watoto wanachezea wapi sasa hivi, kuna uwanja, kuna mipira? Tuko Watanzania wachache huku, tumeshaanza kuchangishana na mipira tunaweza kutuma, ila nataka kusikia kwenu kwanza mnahitaji nini. Shangazi, nakupigia kesho ukitoka kanisani. Wengine tuonane Jumamosi, nitawapeleka New Brighton, baharini.