Boila la kuni huliwa likiwa limezimwa

Wenye boila la kuni nje ya nyumba, lile tanuri linalopasha maji moto na kuyazungusha ndani ili nyumba ipate joto, naomba mnyooshe mikono. Haya. Sasa wale ambao msimu wa baridi uliopita ulipokwisha walizima moto, wakafunga mlango na kuondoka zao? Msione haya, mkono wangu nao uko juu. Boila langu la kwanza nililiua hivyohivyo.

Wengi hudhani moto ndio unaokula chuma. Moto ukiwaka, chuma ni kikavu. Hasara huja baadaye, miezi ile ambayo hakuna anayelitazama.

Fikirini yaliyomo ndani. Nyuma ya kuta za tanuri kuna maji, kwa hiyo hata moto ukinguruma ukuta wenyewe haupati joto kali. Moshi ukiugusa hupoa, ukaacha utando mweusi unaonata, kreosoti. Humo mna asidi ya asetiki, ileile inayoifanya siki iwe chachu. Chini kuna jivu, na jivu lina chumvi za potasiamu zinazovuta unyevu hewani hata kama mvua haijanyesha. Lililokuwa vumbi leo, baada ya wiki kadhaa ni tope. Tope hilo hulala pembeni, kwenye mishono ya kuchomelea, na huko ndiko matundu yanakoanzia.

Kwa hiyo toeni jivu lote. Nikisema lote, sisemi mapakacha mawili halafu mkanawe mikono. Siku mbili tatu za mwisho kabla ya kuzima chomeni kuni kavu kwa moto mkali ili kreosoti ikauke, maana ikiwa mbichi hukwangui kitu, unapaka tu. Boila likishapoa kabisa, shikeni kikwaruzi na brashi ya waya mpaka muone chuma. Pembe zile msizoziona, zipapaseni kwa mkono wenye glavu. Kisha pakeni mafuta mepesi ndani.

Jivu liwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, mbali na nyumba. Kaa huweza kubaki hai ndani ya jivu kwa siku kadhaa. Na msiingize kichwa tanurini wakati kaa bado lina moto: hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu.

Sasa maji. Hapa nitabishana na baadhi yenu. Msiyamwage eti boila lipumzike. Boila tupu limejaa hewa na unyevu, na kutu haitaki zaidi ya hapo. Maji yaliyozunguka msimu mzima oksijeni yake imekwishapungua. Mkijaza mapya mnaleta nyingine. Liacheni limejaa, mpime pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo, na kama dawa imepungua iongezwe kabla ya kuzima, pampu ikiwa bado inazunguka, ichanganyike. Chuma cha kawaida hupenda maji yenye pH zaidi ya 8, ila kiwango kamili fuateni kitabu cha mtengenezaji.

Mlango una kamba ya kuzuia hewa. Wekeni karatasi, mfunge, mvute. Karatasi ikitoka kirahisi, kamba imechoka. Feni inayopuliza moto ipanguswe vumbi, umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu. Angalieni na nyaya pia; panya hupenda sana joto la mle na hutafuna bila kubagua.

Mwisho ni bomba la moshi. Lisugueni, kisha lifunikeni juu, kwa sababu mvua ikiingia humo kazi yote niliyowatuma imekuwa bure. Halafu andikeni kwa herufi kubwa, mbandike mlangoni: BOMBA LIMEZIBWA. Mimi mwaka mmoja sikuandika. Baridi iliporudi niliwasha moto kwa fahari, moshi wote ukatokea mlangoni, na nilipofungua macho jirani alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji.