Sahani za dola mbili: kupunguza vitu na kununua kwa hesabu katika nyumba ya Kiyahudi

DAUDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Daudi, niko Dar es Salaam, na mwenzangu dada Salome yuko Baltimore, nchini Marekani. Mada ya leo dada Salome ameijua kwa mikono yake mwenyewe, kwani kwa miaka saba alimtunza bibi mmoja Myahudi katika kitongoji cha Pikesville, akakaa naye nyumba moja, akapika na kusafisha kwa kufuata kanuni za nyumba ile. Dada, tuanzie wapi?

SALOME: Tuanzie jikoni, kaka Daudi, kwa sababu ndiko nilikokosea. Mwezi wangu wa pili nilipita kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika, nikaona sahani sita za kauri zenye maua ya buluu pembeni, na zote kwa pamoja zilikuwa dola mbili. Nikazibeba mbio mbio, nikijua nimempatia bibi zawadi. Akazitazama, akanishukuru kwa dhati, kisha akazipeleka barazani akaziweka chini ya vyungu vya maua, na hazikuingia jikoni hata siku moja.

DAUDI: Pole. Kosa lilikuwa nini, kwamba zilitumiwa na mtu mwingine?

SALOME: Hapana, bibi mwenyewe alipenda sana vitu vya mkono wa pili. Kosa lilikuwa ile kauri. Sheria yao ya chakula inahesabu kwamba chombo hunyonya ladha ya kitu cha moto kilichopikwa au kupakuliwa ndani yake, na sahani zile huenda zilikwisha kubeba nyama ya nguruwe, au nyama na jibini kwa pamoja, maana wao hawachanganyi nyama na maziwa. Chuma ukikichemsha hutapika kilichonyonya, lakini udongo hautapiki. Ukifungua Mambo ya Walawi, sura ya 6, utakuta chungu cha udongo kilichotokosewa sadaka kinavunjwa, bali cha shaba kinasuguliwa na kusuuzwa kwa maji.

DAUDI: Kwa hiyo mtu anayebana matumizi katika nyumba kama ile anatazama kwanza chombo kimetengenezwa kwa kitu gani, ndipo atazame bei.

SALOME: Ndivyo alivyonifundisha. Safari ya pili tulikwenda pamoja. Alikuwa akigeuza kila sufuria, akipitisha ukucha kwenye maungio ya mpini, kwa sababu uchafu ulioganda pale ukishindikana kutoka, sufuria haitakasiki. Tulichagua moja ya chuma cha pua, nzito, kwa dola nne. Ikasuguliwa, ikakaa saa 24 bila kutumiwa, kisha ikajazwa maji hadi ukingoni na kuchemshwa mpaka maji yakafurika na kumwagika nje, ikasuuzwa kwa maji baridi. Baada ya hapo tukaipeleka kwenye mikva, yaani birika la maji ya mvua au ya chemchemi, ikazamishwa yote kwa dua, kwa kuwa chombo cha chuma au cha kioo kilichonunuliwa kwa asiye Myahudi huzamishwa kabla ya kuliwa chakula ndani yake. Asili yake ni Kitabu cha Hesabu, sura ya 31.

DAUDI: Kwa kazi yote hiyo mimi ningenunua mpya nikalala.

SALOME: Hata mpya ungeizamisha, kaka, usilale mapema. Kikaango ndicho kinachomshinda mtu, kwa sababu kilichokaangiwa kwa mafuta machache hakitoshelezwi na maji ya moto, kinataka moto wenyewe, na kikaango chenye utando wa kuzuia kugandisha kikipitishwa kwenye moto kama huo huharibika. Vikaango bibi alinunua vipya, bila kusitasita.

DAUDI: Sasa nina swali linalonisumbua. Nyumba hiyo ina vyombo vya nyama na vyombo vya maziwa, mbalimbali.

SALOME: Nyekundu nyama, buluu maziwa. Alikuwa na alama ya rangi kwenye kila mpini.

DAUDI: Na kuna seti mbili nyingine za Pasaka ya Kiyahudi. Sufuria nne pale ambapo mama yangu alikuwa na moja. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuzungumzia kupunguza makorokoro?

SALOME: Anaweza kwa sababu kalenda inamlazimisha. Kwa siku nane za Pasaka, au saba wakiwa Israeli, haruhusiwi kula chachu wala kuwa nayo katika milki yake. Chachu maana yake ni chochote kilichotokana na nafaka tano, yaani ngano, shayiri, shayiri pori, ngano ya spelti na ngano nyekundu, kikalowana na kuumuka. Tafsiri yangu ya majina ya nafaka wakulima wanisamehe. Kwa hiyo kila mwaka, kabati baada ya kabati, mfuko wa koti baada ya mfuko wa koti, nyumba inafunguliwa. Ukishafungua kabati kutafuta makombo ya mkate, utakutana pia na chaja ya simu iliyokufa, vifuniko sita visivyo na makopo, na risiti za mwaka juzi.

DAUDI: Yaani mkate ndio kisingizio.

SALOME: Bibi asingekubali neno hilo. Yeye alikuwa mkali upande wa pili kabisa. Msemo wa wanawake wa pale ni kwamba vumbi si chachu. Aliponikuta nafua mapazia wiki mbili kabla ya sikukuu alinishusha kwenye ngazi, akaniambia mapazia hayali mkate. Mishna yenyewe, yaani mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema mahali pasipoingizwa chachu hapahitaji kupekuliwa. Wanaojichosha hadi kuugua, alisema, wamechanganya usafi wa majira ya kuchipua na amri ya Mungu, na nadhani alikuwa na haki, maana nilimwona jirani yake mmoja akilala usingizi mezani usiku wenyewe wa karamu.

DAUDI: Na vyakula vilivyobaki? Unga, tambi, biskuti? Vinatupwa?

SALOME: Hapo ndipo uangalifu wa matumizi unapoonekana. Kati ya sikukuu ya Purimu na Pasaka kuna mwezi mmoja. Purimu kila mtu hupelekewa vyakula na majirani, nyumba inajaa keki na biskuti, halafu kuanzia kesho yake hununui tambi wala unga. Unakula ghala lako mpaka liishe. Tulikula supu ya shayiri mpaka nikaota shayiri. Vilivyofungwa na vya bei kubwa, kama chupa za wiski za marehemu mumewe, viliwekwa kwenye kabati moja, likabandikwa utepe, na rabi akaviuza kwa mkataba halisi kwa mtu asiye Myahudi pamoja na vya waumini wengine. Sikukuu ikiisha, rabi huvinunua tena.

DAUDI: Na usiku wa upekuzi?

SALOME: Usiku wa kuamkia tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa kalenda yao, siku inayotangulia Pasaka, taa zilizimwa. Bibi alishika mshumaa, mimi nilishika unyoya na mwiko wa mti. Kuna desturi ya kuficha vipande kumi vya mkate ili upekuzi usiwe wa bure, na kazi ya kuvificha nilipewa mimi. Tulipata tisa. Cha kumi nilisahau nilikokiweka, tukazunguka nyumba hadi nta ikamdondokea kidoleni. Mwishowe akacheka, akasoma maneno ya Kiaramu yanayoanza "kol hamira".

DAUDI: Hamira?

SALOME: Hamira hiyo hiyo unayotilia mandazi! Sisi tumeipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiaramu ni ndugu. Nilimwambia bibi kwamba nyumbani kwetu neno hilo liko dukani, kwenye pakiti, akanitaka nilirudie mara tatu. Maana ya maneno yale ni kwamba hamira yote iliyo katika milki yangu, ambayo sikuiona wala sikuiondoa, na ihesabiwe si kitu, kama mavumbi ya ardhi. Asubuhi tukavichoma vile tisa pamoja na unyoya na mwiko. Cha kumi nilikikuta mwezi uliofuata, nyuma ya saa ya ukutani.

DAUDI: Sasa tuje kwenye vile visivyo mkate. Nguo, vitabu, fanicha. Najua kuna katazo la kuharibu, ambalo chanzo chake ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, ile ya kutokata miti ya matunda mnapouzingira mji. Musa bin Maimuni, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliliweka wazi kwamba anayevunja vyombo au kurarua nguo kwa nia ya kuharibu naye amelivunja. Kwa hiyo mfuko mweusi wa taka haumalizi jambo.

SALOME: Haumalizi. Kila kitu kilitafutiwa kwa kwenda. Kitabu cha sala kilichochanika chenye jina la Mungu hakitupwi, kinapelekwa sinagogi kikazikwe. Suti za marehemu zilitolewa, lakini viatu vyake havikupewa mtu, kwa sababu ni desturi ya wengi kutovaa viatu vya maiti. Vikakatwa, ndipo vikatupwa. Na suti zilitolewa baada ya fundi kuzipima.

DAUDI: Kuzipima nini?

SALOME: Shatnezi, mchanganyiko wa sufu na kitani. Taurati inakataza kuuvaa, na koti la sufu mara nyingi huwa na kitambaa cha kitani kilichofichwa ndani ya kola ili isimame. Kuna watu kazi yao ni kuichokonoa kola na kutazama uzi kwa hadubini. Kwa hiyo Myahudi akikuta suti ya sufu ya bei ya kutupa, aongeze na gharama ya upimaji.

DAUDI: Mitumba ya Karume ingempa fundi huyo kazi ya kudumu. Na vitu vinavyotumika mara moja maishani, kama shela la arusi?

SALOME: Hivyo havinunuliwi, vinaazimwa. Kuna kitu kinaitwa gemahi, kwa kawaida chumba cha chini cha nyumba ya mtu: mmoja ana mashela, mwingine viti na meza, mwingine vitanda vya watoto wachanga. Jumuiya ya Yad Sarah iliyoanzishwa Yerusalemu mwaka 1976 huazimisha magongo na viti vya magurudumu kwa namna hiyo. Unarudisha kikiwa safi, basi. Mishna inasimulia kwamba mabinti wa Yerusalemu walikuwa wakitoka kucheza katika mashamba ya mizabibu wakiwa na nguo nyeupe za kuazima, wote, hata tajiri, ili asiyekuwa nayo asiaibike.

DAUDI: Mishna hiyo hiyo ina neno moja linalonikera, kwa sababu linanigusa. Inakataza kumwuliza mfanyabiashara bei ya kitu ikiwa huna nia ya kukinunua, kwa kuwa unampa matumaini ya bure. Mimi nikiingia Kariakoo huuliza bei mchana kutwa kujiburudisha.

SALOME: Bibi angekutoa dukani kwa sikio. Alinikataza kujaribu viatu kwa muuzaji huku nikijua nitaviagiza kwa bei nafuu mtandaoni.

DAUDI: Lakini kulinganisha bei ni haki ya mnunuzi.

SALOME: Kulinganisha, ndiyo, ukiwa utanunua kwa atakayekufaa. Kumchosha mtu magoti akikufungulia maboksi saba, hapana.

DAUDI: Nimekubali nusu. Na ile sufuria ya dola nne iliishia wapi?

SALOME: Bibi alipohamia kwa binti yake huko New Jersey, alinikabidhi, ikiwa bado na alama yake nyekundu kwenye mpini. Ni yangu, mimi si Myahudi, naweza kupika humo chochote nitakacho. Nachemshia maharage, napikia mchuzi wa nyama. Juzi sufuria nyingine zote zilikuwa chafu, nikawa nimeshika maziwa ya chai mkononi, nikaiangalia ile alama, nikasimama kuosha sufuria nyingine.